Giza Lisilo na Marehemu: Metali Nyeusi Mbele ya Maombolezo ya Bondo

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Afrika ya Mashariki umezoea kuyachunguza maombolezo kama utanzu wa ushairi, na kuuachia muziki wa magitaa makali vijana wanaoupenda. Mgawanyo huo una sababu zake, walakini unaficha jambo moja. Zipo jamii mbili, moja ya ufuko wa Ziwa Viktoria na nyingine ya nchi za Ulaya ya Kaskazini, ambazo zimeyafanya mauti, usiku na roho za wafu kuwa shina la sanaa yao ya sauti, na kila moja imejiwekea kwa ajili hiyo fani yenye kanuni kali. Makala haya yanaziweka fani hizo mkabala. Ya kwanza ni maombolezo ya Waluo kama yajulikanavyo Bondo, katika Sakwa na Yimbo na vitongoji vyao. Ya pili ni tawi la muziki wa roki liitwalo metali nyeusi, hasa lile la kisimfonia, ambalo huchanganya magitaa ya umeme na vinanda, kwaya, na pengine okestra nzima. Hoja itakayotetewa ni kwamba giza la metali nyeusi ni maombolezo yaliyompoteza marehemu wake, na kwamba utukufu na udhaifu wa mashairi yake hutokana na upotevu huo.

Kabla ya kuingia katika fani zenyewe, hapana budi kuondoa kikwazo kimoja. Nchini Kenya neno lililotumiwa mara nyingi kuufunga mjadala huu kabla haujaanza ni "shetani". Mwaka 1994 Rais Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 1999. Katika hali ya hofu ya miaka ile, kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu alitiliwa shaka bila kuulizwa anasikiliza nini. Lakini neno lilo hilo limekuwa likitumiwa kwa muda mrefu zaidi, na watu wa makanisa mbalimbali ya kandokando ya ziwa, dhidi ya tero buru na desturi nyingine za msiba wa Kiluo. Basi mzee wa Yimbo anayetaka baba yake asindikizwe kwa mikuki na ng'ombe, na mwanafunzi wa Nairobi anayenunua santuri za Norway, wamejikuta katika kizimba kimoja. Huo pekee ungetosha kuwa msukumo wa kuwatazama pamoja, ili ionekane kama kweli wanastahili shtaka moja.

Jina la metali nyeusi lilitokana na santuri ya bendi ya Kiingereza iitwayo Venom, iliyotolewa mwaka 1982. Hata hivyo ni vijana wa Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walioigeuza kejeli ya Waingereza wale kuwa itikadi. Historia yao haifai kupakwa rangi. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa kwa moto, na makanisa mengine yakafuata. Mwaka 1994 mwanamuziki mmoja wa kundi hilo alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji na kwa kuchoma makanisa. Mhakiki anayesema kwamba mashairi ni mashairi tu, hayana uhusiano na maisha, ana jambo la kueleza hapo. Wale walioamini kwamba giza lao ni la kweli zaidi kuliko sanaa ndio waliotoka nje na viberiti.

Ni katika mazingira hayohayo, na wakati mwingine kwa mikono ya watu walewale, tawi la kisimfonia lilipozaliwa. Santuri ya Emperor iitwayo "In the Nightside Eclipse" ilirekodiwa mwaka 1993 katika Grieghallen, ukumbi wa muziki wa Bergen uliopewa jina la mtunzi Edvard Grieg. Yafaa kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa muziki uliojidai kuuasi ustaarabu wa nchi yake ulirekodiwa ndani ya nyumba ya ustaarabu huo. Vinanda vya Emperor huinua ukuta mkubwa wa sauti nyuma ya magitaa yanayokwenda kwa kasi ya mvua ya mawe, na ndani ya ukuta huo mwimbaji hukwaruza maneno kwa koo kavu. Mashairi yake yamejaa misitu, mwezi, milima na usiku usio na mwisho. Mtu mwingine haonekani. Kuna nafsi moja inayosema, nayo imesimama mahali pa juu ikiitazama nchi tupu.

Bendi ya Dimmu Borgir iliipeleka fani hii mbele zaidi. Jina lake limetoka kwa Dimmuborgir, uwanja wa mawe ya volkano huko Iceland, nalo maana yake ni ngome za giza. Santuri yake ya mwaka 1996, "Stormblåst", iliimbwa kwa Kinorwe. Iliyofuata, ya mwaka 1997, iliimbwa kwa Kiingereza, na biashara ikanawiri. Mwaka 2003 bendi ilirekodi pamoja na okestra ya Prague, na mwaka 2010 pamoja na okestra ya redio ya Norway. Msomaji wa jarida la lugha ataona mara moja kuwa mistari miwili inakwenda kinyume: kadiri ala zilivyoongezeka, ndivyo lugha ilivyosogea mbali na nyumbani. Katika Kinorwe chake cha mwanzo giza lilikuwa na majira, lilikuwa na baridi ya mahali fulani. Katika Kiingereza cha baadaye limekuwa giza la jumla, lenye mapepo, falme na maangamizi yanayoweza kuwekwa popote duniani pasipo kubadilisha neno. Okestra ya watu wengi imeletwa kujaza nafasi iliyoachwa na mahali hapo.

Waingereza wa Cradle of Filth walijaribu njia nyingine, ya kutafuta kisa. Santuri yao ya mwaka 1998 inamhusu Elizabeth Báthory, mwanamke wa ukoo wa kikabaila wa Hungaria aliyekufa mwaka 1614 na ambaye habari zake zinamtaja kuwa muuaji wa wasichana. Ile ya mwaka 2003 inachota katika utenzi wa Milton juu ya kuanguka kwa Ibilisi na binadamu. Hapa angalau kuna mtu mwenye jina na kaburi. Lakini angalia ni nani aliyechaguliwa: mhusika mkuu ni muuaji, si waliouawa.

Kwa kuwa sauti hukwaruzwa, maneno hayasikiki. Mpenzi wa muziki huu huyasoma katika karatasi iliyomo ndani ya jalada la santuri, na pasipo karatasi hiyo hata mwenye lugha yake hupata sehemu ndogo tu. Sifa hii imedharauliwa mno na watu wanaodhani ni uhuni. Kwa kweli ni kanuni ya fani: sauti inabeba hali, maandishi yanabeba maana, na vitu hivyo viwili vimetenganishwa makusudi. Ushairi huu ni wa macho uliovalishwa mavazi ya masikio. Ni hapa hasa ambapo maombolezo ya Bondo yanasimama upande wa pili.

Mtu anapokufa katika boma la Kiluo, habari hutangazwa kwanza kwa nduru, ukemi mrefu wa kike unaopasua hewa na kujibiwa na maboma mengine. Nduru haina maneno, na mtu wa Norway angeitambua kuwa ndugu ya sauti yake. Lakini haiachwi peke yake kwa muda mrefu. Hufuatwa na dengo, ombolezo la mtu mmoja anayeingia uani akitembea huku na huku, akimwita marehemu kwa jina lake, jina la baba yake, mahali alikozaliwa mama yake, na majina ya sifa aliyojipatia maishani. Sauti ya mwombolezaji huweza kukatika, huweza kukwama kwa kilio. Jina halina ruhusa ya kukwama. Dengo lisilotaja jina si dengo. Aidha mwombolezaji ana haki ambayo siku nyingine hana: anaweza kuwalaumu jamaa waliomtelekeza marehemu alipokuwa mgonjwa, na wanaolaumiwa husikiliza. Giza la dengo lina mashahidi.

Kisha huja, au zamani alikuwa akija, mpiga nyatiti. Chombo chake ni kinubi cha nyuzi nane. Mpigaji, aitwaye jathum, huketi juu ya kigoda kifupi, kinubi mbele yake. Kidole gumba cha mguu huvikwa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa chombo, na mguuni hufungwa njuga ziitwazo gara. Mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Henry Owuor Anyumba, ambaye mwaka 1968 alishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong kudai Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, alikuwa amekwisha kuandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti mapema katika miaka ya 1960, na kazi yake ni mojawapo ya mahali pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kulifahamu jambo hili. Linalojitokeza katika nyimbo hizo ni kwamba jathum hafiki msibani mikono mitupu. Huimba pia wafu wake mwenyewe. Akiingia katika boma la watu wengine kumlilia mtu wa ukoo mwingine, huweka kwanza msiba wake mezani, kama mtu anayeonyesha cheti cha kumruhusu kusema.

Na hadhira haimwachi aimbe peke yake. Katikati ya wimbo msikilizaji husimama, hutoa pesa, wimbo hunyamazishwa, naye hujisifu kwa pakruok: hujitaja kuwa ndugu ya fulani, rafiki ya fulani, mtu wa ufuko fulani, kwa mafumbo na majigambo. Kisha nyuzi huendelea. Ukilinganisha desturi hii na majina ya jukwaani ya metali nyeusi utaona tofauti iliyo wazi kuliko zote. Mwimbaji wa Dimmu Borgir hujiita Shagrath, jina la kiumbe katili katika riwaya ya Tolkien. Jina kama hilo huchaguliwa ili kumkata mtu na ukoo wake, asiwe mwana wa mtu wala mzaliwa wa kijiji. Pakruok nayo ni jina la kujichagulia, nayo hupenda makuu na vitisho, lakini kila neno lake ni kamba ya kumfunga msemaji kwa watu walioketi hapo. Mmoja hujiita ili atoroke, mwingine hujiita ili ahesabiwe.

Tero buru ndiyo sehemu ambayo mgeni angeiona ya kutisha kuliko zote. Kwa tafsiri ya neno kwa neno ni kupeleka vumbi. Huwafaa wanaume wazima, hasa wazee waliokuwa na maboma yao, wale ambao moto wa magenga huwashwa uani kwao. Wanaume hukusanya ng'ombe, huchukua mikuki, ngao na marungu, hujipaka udongo na kujivika majani, hupuliza pembe, kisha hutoka mbio hadi mpakani au nyikani. Huko Tho, yaani Mauti, hupigwa vita kama adui aliyevamia. Baadaye mifugo hurudishwa nyumbani kwa kishindo na nyimbo. Nyuso zilizopakwa udongo, pembe, silaha, ngurumo: picha moja ya tukio hilo ikiwekwa kando ya jalada la santuri ya Norway, mtu asiyejua angeweza kuzichanganya. Maana zake zinapishana kabisa. Katika metali nyeusi mauti ni mfalme anayealikwa aketi. Katika Bondo mauti ni mwizi anayefukuzwa hadi mpaka wa shamba. Na mpaka wenyewe unaonekana kwa macho.

Si kwamba Waluo hawana kiumbe cha gizani. Wapo wakimbiaji wa usiku, na yupo jachien, roho ya mtu aliyekufa na manung'uniko anayerudi kudai haki yake. Neno hili lina kisa chenye faida kwa wanaisimu. Katika Biblia ya Kiluo wingi wake, jochiende, umetumiwa kwa pepo wachafu. Kwa njia hiyo aliyekuwa jamaa aliyedhulumiwa, ambaye jina lake lajulikana na deni lake laweza kulipwa, akageuzwa kuwa adui wa Mungu asiye na ukoo. Kiswahili kilipitia njia hiyohiyo kwa neno "kuzimu". Shina lake ni lile la "mzimu", na kwa asili lilikuwa makao ya waliotangulia. Wahubiri walilipokea na kulitia moto. Okot p'Bitek, Mluo wa Acholi, aliwashutumu wageni kwa makosa ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika na wataalamu wa Magharibi. Alikuwa anaijua pia pwani hii ya ziwa: alifanya kazi Kisumu na ndiye aliyeanzisha tamasha la sanaa huko mwaka 1968. Kwa kufuata njia yake yaweza kusemwa kwamba shetani anayeimbwa na vijana wa Norway ni yule wa wahubiri, aliyepokewa bila kubadilishwa na kisha kushangiliwa badala ya kulaaniwa. Uasi wao umekopa msamiati wote kwa wale wanaowaasi. Mashairi mengi ya metali nyeusi huchosha kwa sababu hiyo hasa, wala si kwa sababu yanatisha.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina giza lake, na wahakiki wake wamekwisha kulihukumu. Katika "Al-Inkishafi" Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, na hakuna aliyemshtaki kwa kupenda uharibifu, kwa sababu kila gofu lina mwenyewe na moyo unaoonywa ni wa mshairi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa lilo hilo, hakupata msamaha wa namna hiyo. Rosa na Kazimoto, katika riwaya za mwaka 1971 na 1974, wanajiua, na baadhi ya wahakiki wakamlaumu mwandishi kwa kukata tamaa, kana kwamba maudhui meusi ni kasoro ya fani. Walikosea kipimo. Giza la Kezilahabi lina nyumba, baba mlevi, shule na ziwa. Msomaji humjua anayekufa. Lau metali nyeusi ingehukumiwa kwa kipimo cha wahakiki wale, ingeanguka kwa ajili ya rangi yake. Kwa kipimo cha dengo inaanguka mahali pengine, nako ni pale isipoweza kusema ni nani amekufa.

Isidhaniwe kwamba Bondo imebaki kama ilivyokuwa. Ni mahali panapojua mazishi makubwa: Jaramogi Oginga Odinga alizikwa Kang'o ka Jaramogi mwaka 1994, na mwanawe Raila akazikwa hapohapo tarehe 19 Oktoba 2025. Katika misiba ya watu wa kawaida nyatiti imepungua, na mahali pake pameingia vipaza sauti vya disko matanga, muziki wa usiku kucha unaochangisha pesa za mazishi. Wakuu wa serikali wameipiga marufuku mara nyingi kwa ajili ya madhara yanayowapata wasichana na watoto gizani, na hofu hiyo ina msingi. (Neno "matanga" lenyewe ni la pwani, limesafiri hadi ziwani pamoja na spika.) Kwa upande wa fani, disko matanga iko karibu na santuri za Norway kuliko dengo: sauti ni kubwa mno, usiku ni mrefu, na nyimbo zinazopigwa hazimjui marehemu. Hata hivyo pesa za kuchagua wimbo bado hutolewa hadharani na majina ya watoaji bado hutangazwa. Pakruok imepata njia ya kupita hata pale.

Kenya imezaa pia metali yake, si Bondo bali Nairobi. Mwaka 2020 wanamuziki wawili wanaojiita Duma, jina linalotokana na neno la Kikuyu la giza, walitoa santuri kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wao si wa kisimfonia. Mashine zimechukua nafasi ya okestra, na sauti imekwaruzwa kupita ile ya Norway. Jambo la kuangaliwa zaidi ni lililotokea baadaye. Mwimbaji wa Duma, kwa jina la jukwaani Lord Spikeheart, mwaka 2024 alitoa santuri yake mwenyewe, "The Adept", akaitoa kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha juu kabisa cha ujemadari katika Mau Mau, aliyefariki mwaka 2023. Alikuwa amezifuga nywele zake tangu msituni, na zilinyolewa mwaka 2022 tu. Hapa metali imempata marehemu: ana jina, ana ukoo, ana msitu unaojulikana, ana deni ambalo nchi haijamaliza kumlipa. Giza lililoimbwa kwa miaka 30 kama nchi isiyo na watu limepata mtu wa kuliliwa.

Kama kazi hiyo imefikia kuwa dengo ni suala jingine. Sauti bado inafuata kanuni ya Norway, ambapo hali husikika na maneno hutafutwa kwenye maandishi. Mwombolezaji wa Sakwa angetaka jina la Muthoni litoke kooni, lisikike hadi boma la pili, na baada yake yatajwe majina ya waliomwacha azeeke bila haki yake.